Mwongozo Kamili: Kuhifadhi Vyombo vya Nyumbani kwa Miezi Mingi Bila Kuingia Kawa

Swali ni lilelile kila msimu: "Nilifunga kila kitu kwa nailoni, tena safu mbili. Mbona kimeoza?" Huuliza anayerudi kutoka Ughaibuni baada ya mkataba wa miaka miwili, mtumishi aliyehamishwa kutoka Kampala kwenda Arua akaacha nusu ya nyumba kwa shemeji, na mjane aliyepisha nyumba ikarabatiwe. Ukiwahoji, karibu wote walifanya jambo moja. Walinunua kaveera nzito, yaani mifuko ya nailoni, wakafunga, wakakaza selotepu, wakaondoka na moyo mweupe. Waliogopa maji ya nje, na maji yaliyowaharibia yalikuwa ndani ya furushi tangu siku waliyolifunga.

Nami niliwahi kufanya hivyo. Dada yangu alipokwenda kufanya kazi Dubai, mimi ndiye niliyemfungia vitu, hapa Jinja, Uganda, jioni moja ya Aprili, mvua ikiwa imekatika muda mfupi tu. Baada ya miezi minane tulifungua sanduku pamoja. Kanzu ya marehemu baba ilikuwa juu kabisa. Kila ilipokunjwa palikuwa na mstari wa nukta nyeusi, ndogo kama punje za ulezi, na nilipopitisha kidole kitambaa kilikuwa na utelezi. Uvundo wake ulibaki chumbani siku tatu. Dada hakunilaumu. Aliikunja tena polepole, akaiweka pembeni. Mwongozo huu nimeuandika ili usisimame mbele ya sanduku kama lile.

Elewa hili kwanza, kabla ya kununua chochote

Nguo iliyo kavu mkononi bado ina maji. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji ya takriban asilimia 8 ya uzito wake. Kilo 10 za nguo na mashuka zina karibu gramu 800 za maji, nawe unaziona kavu kabisa. Hewa ikifika asilimia 90, kama ilivyo usiku mwingi wa mvua huku kwetu karibu na Ziwa Viktoria, maji hayo hupita kilo moja.

Sasa fikiria kile kifuko kidogo cha silika jeli kinachotoka ndani ya boksi la viatu. Kina gramu chache tu, na hunywa maji kama robo ya uzito wake. Ukikitupa ndani ya sanduku lenye zaidi ya kilo moja ya maji, umeleta kijiko kuchota kisima. Ndiyo maana nasisitiza kukausha. Vifaa vya kunyonya unyevu ni walinzi wa kitu kilichokwisha kukauka.

Jambo la pili ni umande. Hewa yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70 ikigusa kitu chenye nyuzi 19, huanza kuacha matone. Bati la paa hupoa hivyo karibu kila alfajiri, na nailoni iliyolala kwenye sakafu ya saruji vilevile. Maji uliyoyafungia ndani hutoka kwenye nguo mchana kukiwa na joto, usiku yakawa matone upande wa ndani wa nailoni, kisha yakadondokea nguo zilezile.

Mbegu za ukungu, yaani kawa, ziko hewani kila mahali, huwezi kuzimaliza. Zinachongoja ni unyevu unaopita asilimia 70 kwa siku kadhaa, na chakula, yaani vumbi, jasho, wanga wa nguo, karatasi na mbao. Shabaha yetu ni kubaki chini ya asilimia 60.

Vifaa vya kuandaa

- Kipima unyevu, yaani higromita. Kile kidogo cha betri kinatosha, na ndicho kifaa ambacho singekubali kukikosa.
- Masanduku ya bati, kama yale ya watoto wa shule za bweni, au mapipa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana
- Magunia ya katani au mashuka ya zamani ya pamba
- Mbao na matofali ya kutengenezea kichanja, au paleti zilizotumika
- Silika jeli ya kupima kwa gramu, ile inayobadilika rangi
- Kalsiamu kloridi, chumvi inayonyonya unyevu, kwa ajili ya chumba, ukiipata
- Selotepu pana, na kipande cha nailoni inayopitisha mwanga chenye ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita
- Sabuni, siki, Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe), spiriti, matambara mengi, barakoa na glavu
- Daftari na kalamu

Mkaa watu wengi huutaja. Mkaa wetu wa kupikia hupunguza harufu kidogo na hunywa unyevu kidogo sana. Uweke ukipenda, usiutegemee. Mchele, ambao wengine huuweka unywe unyevu, ni chakula cha panya. Naftalini hufukuza wadudu wa nguo na haizuii ukungu hata chembe, tena mvuke wake ni mbaya kwa watoto wachanga, kwa hiyo nguo za mtoto zisikae nayo kabisa.

Kabla ya kukiamini kipima unyevu, kipime chenyewe. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipima ndani ya chombo kinachobana kwa saa 12. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 80, jua kinazidisha kwa 5, na uandike hivyo mgongoni mwake.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa ya kufunga

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na haina gharama yoyote.

Kwa Kampala, Entebbe, Jinja, Masaka na maeneo ya kati, mvua kubwa ni Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mara nyingine inaingia Desemba. Nafasi nzuri ni Januari na Februari, kisha katikati ya Juni hadi Julai. Kaskazini, Gulu na Arua, msimu wa mvua ni mmoja mrefu, basi ngojeeni Desemba hadi Februari. Kabale ni baridi na ukungu wa asubuhi hulala mabondeni. Huko usiguse kitu kabla jua halijapanda vizuri.

Saa nayo ina uzito. Funga kati ya saa sita mchana na saa tisa alasiri, siku ya jua, kipima kikisoma chini ya 60. Hewa unayoifungia ndani ya pipa ndiyo itakayokaa na vitu vyako mwaka mzima.

Tiketi yako ikiangukia Aprili, usikate tamaa. Utahitaji siku tatu au nne zaidi za kukausha, na utavizia yale masaa machache ya jua kati ya mvua na mvua. Usilofanya ni kufunga usiku wa kuamkia safari.

Hatua ya 2: Chunguza chumba

Haijalishi ni stoo ya shangazi, chumba cha nyuma kwa rafiki au nafasi uliyokodi. Kichunguze wiki moja kabla.

Sakafu. Bandika kile kipande cha nailoni kwenye saruji, ziba kingo zote nne kwa selotepu, uache siku moja, mchana na usiku. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa juu, hewa ya chumba ndiyo mbichi. Tiba zake ni tofauti. Sakafu inayotoa maji haitibiki kwa kufungua dirisha, itaendelea kutoa tu. Hapo unahitaji nailoni nzito chini ya kichanja, ikipanda ukutani kiasi cha shubiri moja, au utafute chumba kingine.

Kuta. Tazama sehemu ya chini, kimo cha goti. Rangi inayobabuka na unga mweupe kama chumvi ni dalili ya maji yanayopanda kupitia matofali. Nyumba nyingi zetu za matofali ya kuchoma zilijengwa bila kizuizi cha unyevu juu ya msingi, na kupaka rangi mpya juu yake ni kuficha tu. Kwa walio mwambao wa ziwa nasema kwa mkazo zaidi. Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja. Ziwa likipanda hivyo, na maji ya ardhini katika maeneo ya chini hupanda nalo, hata pale ambapo ziwa lenyewe halikufika mlangoni.

Paa. Ingia chumbani mchana, funga mlango na madirisha, ungoje macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga unayoiona kwenye bati ni tundu la maji. Na kama hakuna dari, jua kwamba bati litadondosha umande hata lisipovuja.

Mafanikio yake: nailoni ya sakafuni kavu pande zote mbili, hakuna mwanga paani, na kipima ulichokiacha ndani kimesoma chini ya 65 mchana wa siku ya jua.

Hatua ya 3: Tayarisha chumba

Ziba matundu ya bati. Safisha mifereji na uhakikishe maji ya paa hayamwagiki kwenye ukuta wa stoo. Nje, udongo uliorundikana ukutani uuchimbe uondoke.

Osha kuta na sakafu kwa maji ya sabuni. Penye ukungu kwenye saruji au vigae, paka mchanganyiko wa sehemu moja ya Jik kwa sehemu kumi za maji, uache dakika kumi, ufute. Vaa barakoa na glavu, mlango ukiwa wazi. Usichanganye kamwe Jik na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka huchoma mapafu, na imeshawapeleka watu hospitalini.

Kisha uache chumba kikauke. Ukuta uliooshwa leo haukauki leo, upe siku tatu hadi tano, madirisha wazi mchana, yamefungwa kuanzia saa kumi na moja jioni. Watu wengi huacha madirisha wazi usiku kucha wakidhani wanapitisha hewa, kumbe hewa ya usiku ndiyo iliyo mbichi.

Wapo wanaowasha sigiri ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kikauke. Nakusihi usifanye hivyo. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya na huua, na kila mwaka tunazika watu kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Osha na kausha vitu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukiwa na siku tano za maandalizi, tatu zitumie hapa.

*Nguo na mashuka.* Fua kila kitu, hata kile ulichokivaa mara moja. Jasho halionekani siku ile, ila baada ya miezi sita kola na makwapa ndizo za kwanza kuota nukta. Suuza mara mbili ili sabuni isibaki. Usitie wanga. Najua kanzu na gomesi hupendeza zikisimama, lakini wanga ni chakula cha ukungu na cha wadudu. Utautia utakaporudi.

Anika kwenye kamba juani. Nyasi zina unyevu wake, na kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, funza wake akaingia ngozini mwa mvaaji. Nguo zote zilizoanikwa nje zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa mishono, mikanda na mifuko. Pasi huua mayai hayo, tena hutoa maji yaliyobaki. Lakini nguo iliyotoka kwenye pasi ina mvuke ndani. Ukiikunja hapohapo umeufungia. Itundike nusu saa ipoe, ndipo uikunje.

Utajuaje imekauka kweli? Twaa nguo nzito kuliko zote, blanketi au jinzi, ikunje, uifungie ndani ya kaveera inayopitisha mwanga pamoja na kipima unyevu. Iache saa nne kivulini. Kipima kikisoma chini ya 60, endelea. Kikipanda hadi 68 au 70, nguo bado ina maji hata kama mkono unasema kavu, basi irudishe juani. Nimewaona watu wakishangaa sana kwa jaribio hili. Blanketi waliloliapia lilisoma 78.

*Godoro.* Sponji yenyewe hainywi maji kama pamba, lakini miaka ya jasho na vumbi imo ndani. Vua kitambaa chake cha nje ukifue. Simamisha godoro juani siku mbili, ukiligeuza kila baada ya saa mbili, na kila jioni liingize ndani kabla ya umande. Usilimwagie maji. Godoro nene likilowa hadi katikati huchukua wiki kukauka, na wakati wa mvua halikauki.

*Samani za mbao.* Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha kikavu. Geuza kabati utazame mgongo wake. Ule ubao mwembamba wa nyuma, ambao haukupakwa kitu, ndio mlango wa ukungu. Ukiupaka vanishi tabaka mbili na kuuacha ukauke wiki moja, umeokoa kabati.

*Mikeka, vikapu, ngoma na lubugo (kitambaa cha gome la mti).* Vya asili vyote hunywa unyevu haraka. Mikeka ianike juani, uikung'ute sana. Lubugo na ngozi ya ngoma zianike kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hukausha ngozi hadi ikapasuka.

*Viatu na mikoba ya ngozi.* Ondoa udongo, kausha kivulini siku mbili, paka kiwi au mafuta ya ngozi kidogo sana, ung'arishe hadi yasishike mkononi. Jaza magazeti makavu ndani.

*Friji.* Izime siku mbili kabla, iyeyushe barafu yote, ifute kwa maji ya siki, uchokonoe mpira wa mlango na lile tundu la maji la nyuma. Mlango ubaki umeachama kwa kipande cha mbao kilichofungwa kwa kamba. Friji iliyofungwa mlango hunuka hata ikiwa safi. Na kama kuna watoto mahali hapo, mlango wake uelekezwe ukutani ili mtoto asiweze kuingia.

Hatua ya 5: Funga, kila kitu kwa njia yake

Kuna njia mbili tu, na ukizichanganya ndipo unapoharibu. Ya kwanza ni kubana kabisa, hewa isiingie wala kutoka. Ya pili ni kuacha kitu kipumue, ukikinga vumbi tu. Nailoni iliyofungwa nusunusu, yenye tundu hapa na pale, ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa unyevu huingia na haupati njia ya kutoka.

Bana kabisa vilivyofaulu jaribio la kipima: nguo, mashuka, karatasi, picha, vifaa vidogo vya umeme. Tumia pipa la plastiki, au sanduku la bati ukilizungushia selotepu kwenye ukingo wa kifuniko. Sanduku la bati litandikwe ndani magazeti au shuka, nguo zisiguse chuma, maana kutu ni doa lisilotoka. Kwa pipa la lita 50 lililojaa nguo kavu weka gramu 200 za silika jeli, zikiwa ndani ya soksi mbili safi za pamba, moja chini na moja juu. Usijaze hadi kukandamiza.

Silika iliyochoka hubadilika rangi, kwa mfano kutoka buluu kuwa waridi, na huamshwa tena kwa kukaushwa kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo sana hadi rangi irudi. Ile ya buluu ina sumu: kikaango hicho kisipikiwe tena chakula, na watoto wakae mbali.

Acha vipumue godoro, samani, viatu, mikeka, friji na chochote ambacho huna uhakika nacho. Vifunike kwa shuka la pamba au gunia. Nailoni ikilazimika kuwapo kwa sababu ya paa, itandaze juu kama hema, imeinuliwa kwa kamba, pande zote zikiwa wazi, isiguse kitu.

*Hati.* Hati ya ardhi, mkataba wa kibanja, vyeti vya mitihani ya taifa vya UNEB na vya kuzaliwa visiachwe stoo ikiwa kuna mtu wa kuaminika wa kukaa navyo sebuleni pakavu. Ikibidi kuviacha, vitandaze mezani mchana wa jua saa mbili, kila kimoja ukiingize kwenye bahasha ya karatasi, kisha zote kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana pamoja na gramu 100 za silika. Piga picha ya kila ukurasa ubaki nayo kwenye simu na barua pepe. Usitie cheti halisi kwenye laminesheni. Unyevu uliomo hubaki humo, na kuitoa baadaye ni kuchana karatasi.

*Cherehani na vifaa vya chuma.* Futa, paka mafuta ya cherehani kwenye kila sehemu inayosogea, funika kwa kitambaa. Runinga na redio ziwe zimekaa ndani ya chumba kikavu siku nzima kabla ya kufungwa, na ukirudi zikae nje ya boksi siku nzima nyingine kabla ya kuziwasha.

Mafanikio yake: ndani ya pipa kuna kipima kinachosoma 50 hadi 58, na siku ya tatu hakijapanda. Kikipanda, fungua mara moja. Ni bora kupoteza alasiri moja kuliko mwaka.

Hatua ya 6: Panga chumbani

Hakuna kitu kinachogusa sakafu, hakuna kitu kinachogusa ukuta. Kichanja kiinuke angalau sentimita 15, ili fagio na jicho vipite chini yake. Acha sentimita 10 nyuma ya kila kitu, na kwa ukuta wa nje, hasa usiopata jua, acha 20. Mbao za kichanja zisimame juu ya matofali, kuzuia mchwa.

Godoro lilale bapa juu kabisa ya rundo. Likisimamishwa miezi mingi huvunjika mgongo. Milango ya kabati na droo viachwe wazi kidogo.

Mahindi, maharage, karanga au muhogo mkavu visiwe chumba kimoja na vitu hivi. Nafaka hutoa unyevu, huita panya, na ukungu wa mahindi na karanga una sumu ya aflatoksini ambayo hutaki vumbi lake kwenye shuka lako.

Kalsiamu kloridi iweke kwenye beseni chini sakafuni, kamwe si juu ya kitu. Inaponyonya hugeuka maji mazito ya chumvi, na yakimwagikia nguo au chuma, hasara yake ni kubwa kuliko ya ukungu.

Hatua ya 7: Mpe mtu kazi iliyoandikwa

"Nitakuangalizia" haitoshi. Anayekuangalizia anapenda kukusaidia, ila hajui atazame nini. Mwandikie kwenye daftari, umbandikie mlangoni, mpite hatua zote pamoja mara moja kabla hujasafiri:

- Mara moja kwa wiki, siku ya jua: fungua mlango na madirisha saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha funga
- Siku ya mvua usifungue
- Andika namba ya kipima, tarehe na saa
- Baada ya kila mvua kubwa, mulika paa na sakafu kwa tochi
- Mara moja kwa mwezi, vuta pumzi mlangoni kabla hujaingia. Uvundo hutangulia nukta kwa wiki kadhaa
- Mapipa yaliyobanwa usiyafungue, isipokuwa Januari na Julai, mchana wa jua

Mtumie kitu kidogo, na akutumie picha ya kipima kila mwezi. Namba ikikaa juu ya 70 kwa wiki mbili mfululizo, mwambie avitoe nje vitu vinavyopumua siku ya kwanza ya jua, asingoje urudi.

Hatua ya 8: Ukungu ukishaingia

Toa kitu nje kabla ya kukikung'uta. Ukikung'uta ndani umepanda mbegu chumba kizima, na mwenye pumu atalala macho usiku huo. Vaa barakoa.

Kianike kwanza hadi ukungu uwe mkavu, kisha ufute kwa tambara lenye maji ya sabuni, ukilibadilisha mara kwa mara. Kwa mbao, ukishafuta na kukauka, pitisha spiriti, lakini jaribu mahali pasipoonekana kwanza kwa kuwa vanishi nyingine huyeyuka, na moto uwe mbali. Jik usitumie kwenye mbao. Huondoa rangi ya juu, maji yake yakazama ndani na kulisha kilichobaki.

Nguo nyeupe za pamba zilowekwe kwenye maji yenye Jik kidogo, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, zisuuzwe sana. Za rangi na vitenge, paka ndimu na chumvi kwenye nukta, anika juani, fua, rudia mara mbili au tatu. Kwanza jaribu kwenye pindo. Uvundo utaondoka. Nukta zilizokaa zaidi ya miezi mitatu nyingine hazitoki, na kuzisugua kwa nguvu kutatoboa kitambaa.

Picha zilizogandana usizibandue kikavu. Ziloweke kwenye maji safi ya baridi hadi ziachane zenyewe, uzitandaze kwenye taulo, uso juu, kivulini.

Godoro lenye ukungu juu tu, mahali padogo, hufutwa kwa spiriti na kuanikwa siku tatu. Lipasue mshono kidogo utazame ndani. Ukiona rangi ya kijani au nyeusi imeingia kwenye sponji, hata kama ni kiasi cha kiganja, litupe. Usimpe mtu mwingine alilalie, wala usilikate kuwa mito ya watoto.